Mahindi Yasiyo na Fukusi

Daktari alimpa Chiriku kidole chake na kumwambia akishike kwa nguvu zake zote. Akasubiri. Halafu akauliza kwa upole, "Mbona hushiki?"

"Nimeshika," Chiriku alisema.

Baba yake, aliyesimama kando ya kitanda, aliviona vidole vya mwanawe vimelala juu ya kidole cha daktari kama nguo iliyoanikwa. Mtoto alikuwa na miaka saba. Mwezi uliopita alikuwa akiruka kamba tangu anapotoka shule mpaka jua linapozama, akiimba na kuwagombeza wenzake kwa wakati mmoja. Leo alikuwa amebebwa mgongoni toka nyumbani hadi zahanati, na njia nzima hakutoa neno, yeye aliyepewa jina la Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kumpa mtu nafasi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi kwa siku nyingi. Aligeuza viganja vya mtoto, akayatazama madoa meusi na ngozi iliyokauka ikawa ngumu. Alipitisha mkono kichwani, nywele zikabaki mkononi mwake.

"Mnakula nini nyumbani?"

"Mahindi, daktari. Ya shamba letu wenyewe."

"Mnayawekea dawa ghalani?"

"Hapana," baba alijibu, tena kwa fahari kidogo. "Dawa za dukani hatuzitaki. Sisi tunatia majivu, kama walivyotia bibi zetu."

"Majivu ya kuni?"

Baba aliishusha sauti.

"Ya mtambo," alisema.

Kazi ya baba huko mtamboni ilikuwa kunyunyiza maji. Mtambo wa umeme ulichoma makaa ya mawe bila kupumzika, na kila behewa la makaa lililoingia liliacha majivu yake, laini kuliko unga wa ngano, yaliyorundikwa nyuma ya ukuta hadi yakawa kilima. Yakikauka yalipeperuka. Kwa hiyo tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni alitembea juu ya kilima hicho akiburuta mpira wa maji, akiyalowesha yatulie. Wenzake walimwita Mvua. Akichelewa kufika walisema mwaka huu kuna ukame. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, kwa buti zake mwenyewe na kitambaa cha kufunga puani alichoshonewa na mkewe.

Kisha ukaja mpango wa kupunguza taka. Wakubwa walitaka kilima kiishe, na aliyepewa jukumu la kukimaliza alikuwa Afisa Taka, bwana mmoja nadhifu, mpole, aliyesema katika kila mkutano kwamba lengo ni sifuri. Wafanyakazi wakambatiza Bwana Sifuri. Kulikuwa na njia ya kweli ya kukimaliza kilima: kuchimba shimo, kulitandika plastiki nzito, kuyafukia majivu humo na kuyalinda yasifike kwenye maji. Njia hiyo ilikuwa ghali na ndefu. Njia ya pili ilikuwa kukigawa. Majivu yakatiwa kwenye magunia meupe, magunia yakapigwa chapa ya jua linalochomoza, na kila mfanyakazi akaruhusiwa kuondoka nayo apendavyo: ya kufyatulia matofali, ya kusawazishia ua, ya kuzibia mashimo ya barabara. Kila gunia lililotoka getini liliandikwa kuwa taka iliyopungua. Mwaka ulipokwisha, cheo cha Bwana Sifuri kilibadilishwa. Akawa Afisa Bidhaa, kwani taka hazikuwepo tena.

Mvua ndiye aliyegundua habari ya mahindi, na hilo litamtafuna maisha yake yote. Katika miaka yote aliyotembea juu ya kilima hakuwahi kuona siafu, wala mchwa, wala nzi. Alimwambia mkewe: majivu ya jikoni hayajazi hata debe, na fukusi wameshayazoea, lakini haya ya mtambo hawatayasogelea. Wakajaribu gunia moja. Miezi minane baadaye punje zilikuwa nzima kama zimevunwa jana. Majirani wakaja kutazama, wakatia mikono guniani, wakatikisa vichwa. Mama Pacha wa nyumba ya pili, ambaye mapacha wake walicheza na Chiriku, aliomba aletewe magunia mawili ya majivu. Baada yake, mtaa mzima. Bwana Sifuri mwenyewe alifika na mpiga picha, akamvisha Mvua kofia ya kampuni mbele ya watu, akasema mfanyakazi mwenye akili ni hazina. Katika ripoti ya mwaka picha ile ilichukua ukurasa mzima: Mvua anacheka, na mbele yake Chiriku, mikono imezama ndani ya mahindi hadi viwikoni.

Kwani Chiriku ndiye aliyekuwa akichanganya. Mikono yake midogo ilifika kwenye pembe za chini za gunia ambako ya watu wazima haikupenya. Aliipenda kazi hiyo kuliko mchezo. Alichanganya huku akitafuna punje mbichi na kusimulia habari za shuleni, akatoka humo wa kijivu mpaka kwenye nyusi, na mama yake akacheka hadi akakaa chini.

"Sikiliza, baba," daktari alisema. "Mimi naona hii ni sumu, na imeanza kuingia kwenye figo. Lakini sumu ziko nyingi, na dawa ya hii si dawa ya ile. Nikikisia vibaya namuumiza zaidi. Huko mtamboni lazima wana karatasi inayoonyesha majivu yao yana nini ndani. Niletee hiyo karatasi. Leo, ukiweza."

"Na mahindi?"

"Acheni kuyala. Nyote."

Mkewe alikuwa ameshafika, ana jasho, kanga imemteleza. Mvua alimwachia mtoto, akatoka mbio.

Bwana Sifuri alimpokea vizuri. Alimwonyesha kiti. Mvua alizitazama nguo zake za kazi, akabaki amesimama.

"Naomba karatasi inayoonyesha majivu yana nini, bosi. Mwanangu anaumwa, daktari anaingoja."

"Pole sana. Pole mno." Bwana Sifuri alifunga faili lililokuwa wazi mbele yake. "Sasa, hiyo unayosema ni karatasi ya taka. Zamani tulipima kila mwezi, kwa sababu sheria inataka taka zipimwe. Haya sasa si taka, ni bidhaa. Bidhaa haipimwi hivyo."

"Basi nipe ile ya zamani."

"Ya zamani ni ya taka za zamani."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Bosi, mtoto hawezi hata kushika kidole."

Bwana Sifuri alisogeza kalamu yake, akailaza sawasawa na ukingo wa meza. "Hebu nikuulize, Mvua. Nani alikwambia uyatie kwenye chakula? Gunia limeandikwa wazi: ya kujengea."

"Ulikuja nyumbani kwangu. Ulinivisha kofia."

"Nilikuja kukupongeza kwa usafi wa ghala."

Mvua alitamani kumkaba. Alitamani pia kumpigia magoti, na kwa kuwa mtoto alikuwa zahanati anangoja, alipiga magoti.

Bwana Sifuri aliinuka haraka, akamshika bega. "Usifanye hivyo, ndugu yangu. Mimi pia ni mzazi." Alikwenda mlangoni, akaufunga. "Kuna gari la kampuni linaondoka saa nane. Linaweza kumfikisha mtoto hospitali kuu kabla ya jioni. Barua ya maabara nitaitia kwenye bahasha, waifungue madaktari wa huko wenyewe, wanaoielewa. Na wewe utanisaidia kitu kimoja tu."

Kitu chenyewe kilikuwa kimeshachapwa. Hilo Mvua alilifikiria baadaye sana, kwamba karatasi ilikuwa imeshachapwa kabla hajafika. Ilisema kwamba aliyachukua majivu na kuyatumia kinyume cha maelekezo. Kwamba ni yeye mwenyewe aliyemlisha mwanawe. Kwamba hatalizungumza jambo hili na mtu yeyote, na akilizungumza, ungamo lake litakabidhiwa polisi. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Angeambiwa aandike kwamba ameua mtaa mzima, angeandika. Alitia saini.

Hospitali kuu waliifungua bahasha. Ndani mlikuwa na mistari mitatu na muhuri uliopigwa vizuri: majivu yamekidhi viwango vya vifaa vya ujenzi. Daktari mzee wa huko aliigeuza karatasi kutazama kama nyuma kuna kingine. Hakukuwa na kingine. Walichukua damu, wakasema itapelekwa mbali na majibu yatarudi baada ya wiki tatu, na kwa sasa watafanya wanachoweza.

Siku ya tatu figo ziligoma. Siku ya nne asubuhi Chiriku alifumbua macho akamuuliza baba yake ni nani anayechanganya mahindi.

"Hakuna," alimjibu. "Tunakungoja wewe."

"Msimpe Pacha. Atayamwaga."

"Hatumpi."

Kabla ya saa sita alikuwa amekufa. Mvua alimshika mkono mpaka walipokuja kumwomba auachie. Alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kuumia hivyo na bado akasikia njaa, akasikia kiu, akaona kwamba dirisha linahitaji kufutwa.

Walirudi naye kwa gari lile lile.

Uani watu walikuwa wameshajaa. Wanawake wa mtaa walikuwa wameinjika masufuria makubwa matatu, na kila aliyeingia alikuja na bakuli la unga kutoka nyumbani kwake, akalikabidhi jikoni na kwenda kulia na mfiwa. Mvua aliyatazama mabakuli yale yakipita. Hakuhitaji kuuliza. Majivu ya kila nyumba ni yeye aliyeyapeleka, gunia moja moja, kwenye baiskeli yake, akitaniwa kila mlango kwamba leo mvua imeleta unga.

Mkewe alimvuta nyuma ya nyumba.

"Umewaambia?"

"Bado."

"Unangoja nini, baba Chiriku? Wanapika."

"Nimetia saini."

"Saini ya nini?"

"Kwamba ni mimi niliyemlisha. Nikifungua mdomo wananipeleka jela. Wewe utabaki na nani?"

Mkewe alimshika mkono. Machozi yalikuwa yamemwishia tangu jana. "Mimi nimemwambia Mama Pacha," alisema. "Kanikumbatia. Kasema ni uchungu unaonisemesha. Kasema mahindi yangekuwa na kitu, kampuni isingewapa majivu yale wafanyakazi wake wenyewe. Mimi hawaniamini. Wewe unafanya kazi kule. Wewe watakuamini."

"Tumzike kwanza. Tukimaliza kumzika, nitasema."

"Utasema?"

"Nitasema. Haki ya Mungu, nitasema."

Walimzika. Waliporudi, watu wakakaa kwenye mikeka na mabenchi, na kabla Mvua hajatafuta pa kuanzia, Bwana Sifuri akaingia uani, amevaa shati jeusi, nyuma yake dereva amebeba maua. Watu walisogea kumpa nafasi. Alizungumza kwa ufupi na kwa sauti ya chini. Alisema kampuni ni familia, na leo familia imepoteza mtoto. Kuna waliolia. Mama Pacha alisema si kila mwajiri anayekuja msibani, na wengine wakaitikia.

Chakula kikatolewa. Sahani ya kwanza, iliyojazwa vizuri kuliko zote, alipewa mgeni.

Bwana Sifuri alishukuru, akaiweka magotini. Hakuigusa. Alitoa chupa ya maji kwenye mkoba wake, akanywa kidogo, akaifunga.

"Karibu, mzee," Mama Pacha alisema. "Ni chakula chetu cha kimaskini, lakini ni kisafi."

"Ahsante, mama. Nimetoka kula sasa hivi."

Mvua alikuwa amekaa ng'ambo ya uwanja, mkabala naye. Aliiona sahani ikipoa. Alimwona binti mdogo wa Mama Pacha, yule pacha wa pili kuzaliwa, aliyekuwa akishika ncha moja ya kamba Chiriku anaporuka, ameketi chini karibu na viatu vya mgeni, macho yake kwenye chakula. Bwana Sifuri naye alimwona. Akainua uso, akamtazama Mvua moja kwa moja, na Mvua akajua kwamba mtu huyu anajua kila kitu kilichomo ndani ya sahani ile.

Kisha Bwana Sifuri akainama, akaiweka sahani mapajani mwa mtoto.

"Kula, mwanangu," alisema.

Mama Pacha alitabasamu kwa heshima aliyofanyiwa mwanawe. Mvua akasimama. Mazungumzo yalikatika, watu wakageuka, wakidhani baba wa marehemu ana neno. Mlangoni mkewe alisimama, mkono kwenye fremu. Bwana Sifuri aliinamisha kichwa kwa adabu, akasubiri pamoja na wengine.

"Nawashukuru," Mvua alisema. "Nawashukuru nyote kwa kufika."

Akakaa. Mlangoni hapakuwa na mtu tena. Mtoto alikula sahani nzima, akaifuta kwa kidole pembeni palipobaki, akampelekea mama yake na kuuliza kama kuna nyingine.