Matone ya Jumatatu

Chanelle alifungua chumba cha chanjo Jumatatu asubuhi, baada ya mapumziko marefu ya sikukuu ya Kupaa. Friji ilikuwa kimya. Alipoufungua mlango, hewa iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu kama pumzi ya mtu. Waya wa friji ulikuwa sakafuni, na kwenye soketi palikuwa na waya wa birika la chai.

Alitoa chupa za matone ya polio, akazisogeza dirishani. Kila chupa ina alama ndogo, mraba mweupe ndani ya duara. Joto likizidi, mraba unakuwa mweusi. Ya kwanza ilikuwa nyeusi. Ya pili hivyo hivyo. Akazikagua zote, kisha akaketi.

Nje, kwenye mabenchi ya kituo kile kidogo cha afya huko Kamenge, akina mama walikuwa wameshaanza kujaa na watoto mgongoni.

Mama Daphrose, muuguzi mkuu, aliingia akifunga vifungo vya koti lake jeupe. Aliona chupa, akaona birika, akashika ukingo wa meza.

"Yesu wangu. Ni mi. Siku ya Jumatano nilichemsha maji, nikasahau."

Chanelle alichomoa waya wa birika. Mwanamke huyu alikuwa mama yake wa ubatizo. Mama mzazi alipofariki, ni Daphrose aliyemlipia shule ya uuguzi na kumpeleka misa kila Jumapili. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja bila doa. Zilibaki siku kumi astaafu, na kwaya ilikuwa tayari inafanya mazoezi kwa ajili ya sherehe yake.

"Tupige simu wilayani," Chanelle alisema polepole.

"Wataandika ripoti. Nitatoka hapa kama mutu mubaya." Daphrose alifuta macho kwa kiganja. "Mutoto wangu, hayo matone hayataumiza mutu. Wape tu. Mwezi ujao watapata mengine."

Bonfils wa maabara, aliyesikia kutoka mlangoni, aliunga mkono. "Chanelle, siku kumi tu. Nani atajua? Baada ya yote aliyokufanyia?"

Chanelle aliingia stoo, akasimama kati ya maboksi ya glovu. Alijaribu kusali Baba Yetu, akakwama katikati. Kweli, matone hayataumiza. Lakini mama mwenye mtoto atarudi nyumbani na alama kwenye kadi, ataamini mtoto wake amekingwa, na hatakuwa amekingwa. Na kadi hiyo itakuwa na sahihi yake, Chanelle. Aliona aibu kwamba bado alikuwa anatafuta njia ya kumridhisha Daphrose. "Bwana, mi naogopa," alisema kwa sauti. Kisha akafungua mlango, akatoka.

Alimkuta Daphrose amesimama palepale.

"Mama, mi siwezi. Naenda kuwaambia. Nikimaliza nitapiga simu. Ukitaka, piga we mwenyewe, itakuwa vizuri zaidi."

Daphrose aligeukia ukuta.

Nje, Chanelle alisema bila kumtaja mtu. "Akina mama, mutusamehe. Friji ilizimika, matone yameharibika. Leo hakuna chanjo ya polio."

Kelele ilianza. Mwavita, mchuuzi kutoka Uvira, alisimama na watoto wake mapacha. "Nimeacha biashara yangu sokoni tangu asubuhi! Juu ya nini munatufanyia hivi? We ndiye umeharibu?"

"Nisamehe, mama. Nipe namba yako, nitakupigia mapya yakifika."

Aliandika namba moja moja huku wakimgombeza. Alipoingia ndani kupiga simu, Daphrose alikuwa ameshaishika, anazungumza na wilaya, sauti imekauka: "Ego, ndiyo, kosa ni langu."

Chanjo mpya zilifika Alhamisi. Chanelle alipiga namba zote. Wengi walirudi, Mwavita naye, bado amenuna. Daphrose alipewa onyo la maandishi. Aliomba sherehe ifutwe, akaondoka kituoni na mfuko mmoja wa plastiki. Bonfils aliacha kumsalimu Chanelle. Kanisani, wanakwaya wawili walihama benchi alipoketi. Kwa majuma matano, Daphrose alipita pembeni yake kama hamjui, na Chanelle alilia zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Jumapili ya sita, Daphrose alimngoja kwenye ngazi za kanisa.

"Nilikukasirikia sana," alisema. "Bado kidogo."

"Najua, Mama."

"Ulipoingia stoo, nilijua utatoka na kusema apana. Nilimuomba Mungu usitoke." Alitazama watu wakishuka. "Niliomba vibaya. Nilipokusikia nje unawaomba msamaha na hukunitaja, nikaona ni mi napaswa kupiga simu ile."

Daphrose alimshika mkono, mkono wenye ngozi ngumu kwa miaka ya sabuni ya hospitali.

"Umekonda. Kuja tule. Nimepika maharage na ndagala, vile visamaki vya ziwani."

Waliteremka pamoja, polepole, kwa sababu goti la Daphrose lilikuwa linauma.