Maji ya Msuli na Vidole vya Mtahini

Mama yangu, Bi Hasina, haamini kwamba mtu anaweza kupata shahada na njaa. Asubuhi ya mtihani wangu, mwaka 1999, alinitoa nyumbani, mtaa wa Al Hail, na birika la kahawa na bakuli la halwa kubwa kuliko kichwa changu.

"Mama, kule ni maabara. Hakuliwi."

"Nnajua. Mwandalie mlangoni. Mgeni hapokewi kwa mashine."

Mgeni mwenyewe ni Daktari Marhoon, mtahini wangu. Miaka mitatu nilisoma misuli inayozunguka mirija ya hewa, ile inayombana mwenye pumu akaona dunia imemwishia. Kwenye ukuta wa kila seli ya msuli ule mna milango midogo. Ikifunguka ya potasiamu, ya kalsiamu hubaki imefungwa, msuli hulegea, pumzi hupita. Nilikuwa na dawa ya kuifungua ile ya potasiamu. Kipande cha koo la mbuzi kilining'inia kwenye mashine. Kikilegea, kalamu huteremsha mstari kwenye karatasi. Mstari ukishuka mbele ya Daktari, nimefaulu. Usiposhuka, mwaka mwengine mzima na makoo ya mbuzi, na mimi yalikwisha kunitokea puani.

Daktari akala halwa pale mlangoni, akala sana. Kisha akatazama huku na huku, vidole vitatu juu. Maji ya kunawia nilikuwa nimeyasahau. Akaingia ndani, akaona bakuli la maji safi, vuguvugu, kando ya mashine, na boksi la tishu ubavuni. Akachovya vidole taratibu kama yuko barazani kwa watu, akajifuta, akashukuru.

Yalikuwa maji ya chumvi ya kuogeshea msuli wangu ndani ya mashine, niliyoyapima tangu alfajiri. Niliona kila kitu. Unamwambiaje mtu wa rika la baba yako kwamba hapo hapanawiwi? Adabu nyingine ni ujinga mtupu.

Nikamimina maji yale yale kwenye mashine, nikaubana msuli kwa dawa moja, nikatia yangu ya kuulegeza. Mstari haukushuka hata unywele.

"Binti, milango yako imekataa," alisema Daktari, akatoa kalamu ya kuniandikia.

Hasira ikaishinda haya. "Haikukataa, Daktari. Umenawa kwenye maji ya msuli."

Akatazama bakuli la maji. Samli ilikuwa ikielea juu. Akavinusa vidole vyake, kimoja kimoja.

"Rudia kwa maji mapya," akasema. "Halafu rudia kwa haya yangu, tusimsingizie mtu."

Kwa maji mapya mstari uliteremka mpaka ukingoni mwa karatasi, nami nikalia mbele yake. Kwa yale yake ulikaa palepale kama mgeni aliyenogewa. Kama ni sukari, samli au zafarani, siwezi kuapa.

Ripoti ilikuja baada ya wiki. Nimefaulu. Penye masahihisho yanayotakiwa palikuwa na moja tu: "Mwanafunzi aweke maji ya kunawia mgeni."

Mama aliisoma mara mbili, akasema angekuwa yeye, asingenipitisha.