Radhi Walizomwomba Cherehani

Mwosha hasemi aliyoyaona wala aliyoyasikia chumbani kwa maiti. Nimeosha wanawake wa mtaa huu tangu mume wangu aliponitangulia mbele ya haki, na sijawahi kuivunja kanuni hiyo. Lakini Cherehani hakuwa maiti, na mpaka leo sijui kama kanuni inamhusu.

Cherehani ni jina la utani. Alikuwa akishona nguo barazani kwa mama mkwe wake, na mdomo wake ulikwenda pamoja na mashine, mguu ukikanyaga na yeye anasema. Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti. Wana mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya. Cherehani alishikwa na homa, akapewa dawa zahanati, akarudi kulala. Asubuhi wakamkuta wa baridi, amekakamaa, pumzi haisikiki. Mama mkwe akamfumba macho kwa mkono wake mwenyewe. Jua halijapanda sawasawa, turubai limeshasimama uani, masufuria yako motoni, na vijana wametangulia makaburini na majembe.

Wakaniita. Mtaani naitwa Mama Maji, kwa kuwa nikiingia nyumba ya msiba siulizi kingine kabla ya maji.

Tuna mazoea yetu. Kabla maiti hajaoshwa, mwenye neno naye huingia, humwinamia sikioni na kumwomba radhi. Mimi hukaa kichwani nikitazama ukuta. Siku hiyo waliingia wengi, maana fundi wa nguo hugusana na watu. Jirani wa nyuma alikiri kuwa kile kitambaa alichodai Cherehani amekiiba alikuwa nacho mwenyewe, kabatini. Shoga yake wa siku zote alikiri kuwa ndiye aliyewaambia wateja Cherehani hupunja vitambaa. Wa mwisho alikuwa mama mkwe. Alipiga magoti, akamshika marehemu shavu.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia mume wako mtoto si wake. Ni uongo wangu. Niliona anakusikiliza wewe kuliko mimi."

Nikautazama ukuta. Nikaelewa kwa nini kijana yule miezi yote ile alikuwa akilala karakana, akisingizia kazi.

Tukafunga mlango. Nilipommiminia maji miguuni, vidole vikajikunja. Nikasema moyoni, ni mishipa tu. Nikamimina tena.

"Yanaunguza," akasema.

Mwenzangu aliyekuwa ameshika beseni aliondoka nalo. Alipita na pazia, akapita na viatu vya watu mlangoni, na maji yote yakawaishia waombolezaji. Mimi nilibaki, wala si kwa ushujaa. Nikamtaja Mola, nikamfunika shuka, nikamwambia, "Tulia, mwanangu, uko nyumbani." Akauliza mtoto yuko wapi.

Huko nje watu hawakujua waseme pole au hongera. Mama mmoja alinishika mkono, akaanza, "Pole... hongera... haya, Mungu mkubwa." Mtangazaji wa msikitini alipoambiwa atangaze upya, alikataa katakata. "Kufa natangaza," alisema. "Hili lenu mniletee mkubwa wangu." Wachimba kaburi wakaja na udongo miguuni kuuliza, "Sasa lile shimo tulifanyeje?" Mtu akawajibu, "Liacheni lingoje zamu, hakuna atakayebaki duniani." Chakula kilikuwa kimeiva, na wageni waliotoka mbali wakasema hawawezi kurudi na njaa. Wakala. Wengine walilia huku wanakula, kwa sababu machozi walishakuja nayo.

Hospitali wakasema sukari ilikuwa imeshuka sana mwilini, mapigo ya moyo yakawa madogo hata mkono wa mtu usiyapate. Wakamtundikia maji, akapata nafuu, akarudishwa. Redio ilikuwa imeshasema kwamba amekaa kaburini siku tatu.

Nilidhani watu watamkimbia kama mzuka. Sivyo. Mzuka huogopwa gizani, lakini Cherehani aliogopwa mchana kweupe, na kilichoogopwa ni masikio yake. Kila aliyeinama pale kitandani alirudi kwake akihesabu maneno aliyoyasema. Jirani wa nyuma alikuja na kile kitambaa, akakitupa barazani bila salamu, akaenda mbio. Shoga yake akapata njia nyingine ya kwendea sokoni. Wenye nguo walizichukua vipande vipande, hazijashonwa. Waliobaki ni wa mizaha, wa kusimama mbali.

"We Cherehani! Huko hukumwona mume wangu?"

"Sikumwona, dada."

"Ukirudi ukimkuta, usimwambie ninakoishi!"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyekuja kuketi.

Na mimi sikusalimika. Walikuja wanawake kwangu, mmoja mmoja, wamejifunika. "Mama Maji, binti yangu yule... ulihakikisha?" Nikawaambia nilihakikisha. Wakienda, nabaki na swali lao kwenye mkeka wa sala, na kila nikisujudu naviona vidole vya miguu vya watu wengi.

Lakini la mama mkwe ndilo lililozidi. Siku mkwewe aliporudi, alimbeba mtoto akaingia naye chumbani kwake, akatia komeo. "Maiti hanyonyeshi," alisema. Mtoto akawa anapewa maziwa ya kopo, naye anayatema. Cherehani alikaa upande wa pili wa mlango, kifua kimejaa kama jiwe, gauni limelowa mbele. Mtoto akilia ndani, na maziwa yanamtoka yeye huku nje.

Alasiri moja mumewe akanijia, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso.

"Mama Maji, twende nyumbani. Mama anaondoka na mtoto, anampeleka kwa dada yangu."

"Anarudi naye lini?"

"Hakusema kurudi."

"Na wewe baba mtu umesemaje?"

Akaangalia chini. "Mimi mambo ya huyo mtoto... mimi sijui, Mama Maji. Njoo tu. Wewe anakusikiliza."

Nilikuwa na neno mdomoni ambalo lingemaliza kazi hapohapo njiani. Nikalimeza. Lilisemwa sikioni kwa mtu mwingine, halikuwa langu. Lakini nilitembea nalo kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kanga.

Tulimkuta mama mkwe ameshasimama uani, mtoto mgongoni, begi mkononi. Cherehani amekaa kwenye kizingiti cha lango la ua, amelifunga kwa mwili wake. Hakuwa analia. Alikuwa dhaifu kiasi kwamba angesukumwa kwa kidole, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Mwambieni anipishe," alisema mama mkwe. "Gari linaniacha."

"Mwambie mwenyewe, dada," nikasema. "Huyo hapo."

"Siongei na aliyekufa. Nilimfumba macho kwa mkono huu. Yakafumbika."

"Yamefumbuka. Unamwogopa nini?"

Akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji. "Wewe ulikuwepo," akaninong'oneza. "Umesema?"

"Sijasema."

"Amesikia?"

"Muulize. Radhi ya maiti ulishaiomba, na maiti hakuwepo. Iliyobaki ni ya huyu."

"Akisikia atamchukua mtoto aende zake. Nitabaki na nani?"

"Na sasa anayemchukua mtoto ni nani?"

Mtoto mgongoni alikuwa ameshasikia harufu ya mama yake. Alijipindapinda kwenye kanga, akilia kilio kile cha kukwaruza koo. Bibi akarudi mpaka kizingitini, akasimama hatua mbili mbali na mkwewe, bila kumtazama usoni.

"Siku ile umelala... ulisikia kitu?"

Cherehani akamtazama. "Nilisikia maji tu, mama."

Mimi nimetazama nyuso nyingi katika kazi yangu, lakini ule sikuweza kuusoma. Mama mkwe naye aliona mlango umefunguliwa. Angeweza kunyamaza, na neno likafia kwetu sisi wawili. Nilimwona mabega yakishuka. Akafungua fundo la kanga, akamteremsha mtoto, akampa mama yake. Cherehani hakusema asante. Alifungua gauni palepale kizingitini, na kilio kikakatika kama kimekatwa kwa mkasi.

Mume alikuwa anatutazama wote. "Siku ile uliingia kumwinamia. Ulimwomba radhi ya nini, mama?"

"Watu huombana tu, baba."

"Wewe hujapata kumwomba mtu radhi. Hata mimi. Ya nini?"

Mama mkwe akanigeukia mimi. Nikatazama chini. Kunyamaza kwangu hakukuwa msaada kwake, wala sikukusudia kuwe msaada. Akaweka begi chini. Alianza na majirani, kwamba majirani ndio walisema, akaacha. Akaanza na mapenzi ya mama kwa mwanawe, akaacha. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto ni wako. Lile nilikudanganya."

Kijana akavua miwani, akaishika kama hajui ni ya kazi gani. Akamwendea mkewe, akachutama mbele yake, akanyoosha mkono kuugusa mguu wa mtoto. Cherehani akauvuta mguu ule chini ya kanga.

"Kwamba mama anasema hivyo, nilijua kabla sijafa," akasema, wala hakupandisha sauti. "Bombani watu husema. Nilichokuwa sijui ni kwamba wewe uliamini."

Akamhamishia mtoto kwenye titi la pili, akatugeuzia mgongo.