Bega la Kinyozi

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke mmoja alipuliza kipenga katika uwanja wa shule ya bweni, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyechelewa mbio za asubuhi isipokuwa wawili waliokuwa wamevunjika miguu. Hata hao walifika, ila kwa mwendo wao. Wanafunzi wakampa jina la Kipenga. Walimpa kwa siri, lakini siri ya bweni ni kama harufu ya soksi, haikai kabatini. Lilipomfikia masikioni alilipenda, akalivaa kama cheo.

Sasa Kipenga huyo, akiwa na miaka arobaini na tisa na magoti yake yote mawili, aliacha ualimu wa michezo akaenda kusomea tiba ya yoga. Sababu ilikuwa kiuno chake mwenyewe. Siku moja aliinama kuokota mpira mbele ya kidato cha pili kizima, akabaki hapo hapo kama bawaba iliyoshika kutu. Madaktari walimpa dawa, dawa zikampa usingizi, na kiuno kikabaki na msimamo wake. Aliyemwinua hatimaye ni mtaalamu mmoja mwembamba wa hospitali, aliyemlaza kwenye mkeka, akamwekea mto chini ya magoti na kumfundisha kupumua. Kupumua! Kipenga alidhani kazi hiyo aliimaliza kujifunza siku aliyozaliwa. Baada ya wiki sita aliokota mpira tena, na siku hiyo hiyo akaandika barua ya kuacha kazi.

Hakuondoka kimyakimya, maana kimya hakikuwa fani yake. Alipanda jukwaani mbele ya wanafunzi mia sita, akamvisha mwalimu kijana aliyekuja kumrithi kile kipenga chake cha chuma, kisha akatamka maneno mawili: "Sirudi hapa." Wanafunzi walipiga makofi kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Mafunzo yalikuwa ya miezi tisa, katika chuo kilichoshikamana na hospitali. Aliyedhani atafundishwa kujikunja kama kamba ya viatu ili apigwe picha alikata tamaa wiki ya kwanza. Walisoma mifupa, mishipa na mapafu. Walisoma namna ya kumuuliza mgonjwa maswali bila kumtisha, na namna ya kuomba ruhusa kabla ya kumgusa. Kipenga aliyamudu yote isipokuwa sauti. Siku ya kwanza alipowaambia wenzake "Legea", mwanafunzi mmoja aliyewahi kuwa askari alisimama wima, akatanua miguu na kuweka mikono nyuma.

"Sauti yako inaamsha watu," mkufunzi alimwambia. "Sisi tunataka walale."

Akajifunza kuishusha. Lakini jambo alilojifunza kwa bidii zaidi, akalishika hadi likamshika, lilikuwa lile la kioo. Mtaalamu akikaa kumtazama mgonjwa uso kwa uso na kumwambia "inua mkono wa kulia", yeye mwenyewe huinua wa kushoto, ili mgonjwa amfuate kama anayejiona kwenye kioo. Ni jambo dogo, ila linataka kichwa kigeuze pande zote mbili za dunia bila kusita. Kipenga alilifanyia mazoezi nyumbani kwa kumtumia binti yake, jioni baada ya jioni, mpaka akawa anageuza hata visivyotakiwa kugeuzwa. Milango ya kuvuta aliisukuma.

"Mama," binti yake alimwambia asubuhi moja, "umevaa saa kwenye mkono wa mtu mwingine."

"Ni mazoezi ya kazi."

"Na viatu?"

Kipenga alitazama chini. Navyo vilikuwa mazoezini.

Ulipofika mtihani wa mwisho, kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja wa kweli. Sheria ilikuwa hivi: umtembelee mahali pake pa kazi, umwone anavyosimama na kuinama, uandike fomu na mpango wa tiba, umkabidhi mtahini nakala siku saba kabla. Kisha siku ya mtihani umtibu kwa dakika arobaini mtahini akiwa amekaa pembeni. Aliyeshindwa alirudia mwaka mzima. Kipenga akifaulu alikuwa ameahidiwa nafasi hospitalini, na nafasi yenyewe ilikuwa moja tu, chumba kidogo chenye dirisha, ambacho Kipenga alikuwa ameshakipima kwa hatua na kuamua mikeka itakaa wapi. Uwezo wa kurudia mwaka hakuwa nao. Kurudi shuleni, baada ya yale maneno mawili mbele ya watoto mia sita, afadhali kiuno kingebaki vile vile.

Mgonjwa wake alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa na viti viwili, kalenda ya mwaka uliopita na kioo kilichofunika ukuta mzima. Kinyozi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno. Alisemesha wateja, alisemesha mashine, na wateja wakiisha alikisemesha kioo. Kipenga alipoingia na fomu zake, alimkuta ana kichwa cha mtu mkononi, nusu kimenyolewa.

"Panauma wapi, kaka?" Kipenga aliuliza, akasimama nyuma yake ili asimkatishe kazi.

Kinyozi alijigusa begani kwa kitana bila kugeuka. "Hapa, Mwalimu. Nikipata mteja mrefu, nikiinua mkono, nasikia kama kuna mtu anatundika picha humo ndani na hajaridhika na msumari."

"Na mteja mfupi?"

"Mfupi ananiumiza mgongo. Kazi hii ingetaka watu wa kimo kimoja."

"Mimi nifanye nini, ninyooke au nijikunje?" aliuliza mwenye kichwa.

"Wewe tulia. Uko katikati ya mstari."

Kipenga alimtazama kinyozi kwenye kioo akifanya kazi kwa nusu saa nzima. Aliona lile bega likipanda kuelekea sikioni kila mkono ulipoinuka, likasahau kushuka. Aliona shingo ikilijibu. Jicho lake lilikuwa zuri, tangu uwanjani. Na kwa kuwa yule mtu kwenye kioo alikuwa anamtazama uso kwa uso, kichwa chake kilifanya kile kilichofundishwa kwa miezi tisa: kilipoona bega liko upande wa kulia, kiligeuza. Akaandika: bega la kushoto. Na ili kitu kisipungue, akaongeza kwa mwandiko wa kupendeza: Mgonjwa ni mashoto, hushika mashine kwa mkono wa kushoto saa nane kwa siku. Fomu ikawa kurasa nne. Akaisoma mara mbili, akairidhia mara tatu.

Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye mvi fupi, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kimya. Inasemekana katika mtihani mmoja alitamka neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "Mwakani". Siku ya mtihani alikaa kwenye kiti cha pembeni, nakala ya fomu magotini, kalamu juu yake, akamtazama kinyozi akitia sahihi karatasi ya kukubali tiba. Kipenga naye wakati huo alikuwa anapanga mito, na hakuona.

Kinyozi alikuwa amevaa shati la sherehe. Chuo kilimwagiza kwamba mgonjwa ajibu anachoulizwa tu, na mkewe akakazia nyumbani kwamba asithubutu kumharibia mwalimu wa watu mtihani.

"Bega linaendeleaje leo?" Kipenga aliuliza kwa ile sauti ya chini aliyoigharamia jasho.

"Linajitahidi, Mwalimu."

Akamlaza chali. Akaomba ruhusa ya kumgusa, akaipata. Akaweka mto chini ya mkono wa kushoto, taratibu, kama anayeweka yai. Kinyozi aliikodolea dari macho.

"Mkeka wenu mzuri huu," alisema. "Ningekuwa nao dukani, wateja wangenyolewa wamelala. Tatizo ningewanyoa upande mmoja tu."

"Pumua kwa pua, kaka."

"Napumua. Mke wangu anasema usiku napumua kwa nyumba nzima."

Kipenga alijua mambo yanakwenda vizuri. Mgonjwa anayetania ni mgonjwa aliyelegea, hilo lilikuwa ukurasa wa arobaini wa kitabu. Aliongoza pumzi sita. Aliona tumbo likipanda na kushuka, miguu ikianguka nje kila mmoja kwa upande wake. Kwa pembe ya jicho alimwona Mama Kimya akishika kalamu.

Ikafika sehemu ya mkono mzima, yaani usiouma. Mpango ulisema mkono ule uinuliwe hadi nyuma ya kichwa, mgongo ufunguke, na bega linalouma lipumzike kwenye mto wake. Kipenga akaketi upande wa kichwa cha kinyozi.

"Inua mkono wa kulia, polepole, uende nao mpaka unapofika. Ukichoka tutasimama."

Kinyozi akainua. Ulipofika usawa wa uso, Kipenga akasubiri utani. Haukuja. Mkono ukapanda kidogo tena. Kimya. Kinyozi alikuwa amefumba macho na midomo, na kidevu kimesonga mbele kama cha mtu anayebeba gunia la jirani kwa heshima.

Kipenga hakutazama bega kwanza. Alisikiliza. Mtu huyu alikuwa hajanyamaza tangu wajuane, alikuwa akisema hata na mashine, na sasa hakuna neno, na pumzi yake imesimama juu kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kinyozi akinyamaza, kuna jambo.

"Shusha," alisema. "Polepole. Ninaushika mimi." Akaupokea ule mkono, na alipoupokea aliona kidole gumba. Kilikuwa na sugu nene, pale mashine inapokaa. Akautazama mkono wa kushoto uliolala kwenye mto kama mgeni wa heshima. Ngozi yake ilikuwa laini tupu.

Hapo kichwa cha Kipenga kilifanya kazi ya haraka. Aliliona duka, kile kioo, na yeye mwenyewe nyuma ya kinyozi, kulia kwao kukiwa kumoja, akigeuza kisichotakiwa kugeuzwa. Aliona pia njia ya kutokea: mto ungeweza kuhamishwa kimyakimya, mkono wa pili ukainuliwa, mtahini akidhani ndiyo hatua inayofuata. Ilikuwa njia fupi na haikuwa na mashahidi, isipokuwa fomu ya kurasa nne yenye mwandiko wa kupendeza. Na chumba chenye dirisha kilikuwa mwisho wa njia hiyo.

Lakini Kipenga aliwahi kuwakimbiza watoto mia sita kila asubuhi, na kitu kimoja alichowafundisha kila mwaka ni kwamba anayekata kona hajakimbia.

Akageukia kiti cha pembeni. "Mtahini, nasimamisha. Niliandika upande usio wake. Bega linalouma ni la kulia, na mimi nimeliinua." Hakuipamba. Kisha akamwinamia kinyozi. "Kaka, samahani. Nimekuumiza."

Kinyozi akafumbua jicho moja. "Kidogo tu, Mwalimu. Nikadhani ndiyo dawa yenyewe. Dawa nyingi huuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Alikuwa ameuliza bega linaendeleaje, hakuuliza lipi.

"Basi nauliza. Weka mkono wako mwenyewe panapouma."

Kinyozi akavuka kifua kwa mkono wa kushoto, akashika bega la kulia. Kipenga akaomba ruhusa, akaweka wake juu ya ule. Akasubiri, bila kuhesabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya kazi. Pumzi ya tatu ilikuwa ndefu. Akauhamisha mto. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akakata mstari kwenye mpango wake, akaandika juu yake saa na sababu kama sheria inavyotaka, na akaendelea na tiba kwa dakika kumi na tisa zilizobaki. Kwa kuwa alijua sasa anamtibu nani, zilikuwa dakika zake bora za mwaka. Zilipofika kumi, kinyozi alisema, "Huyu mtundika picha ameteremka ngazi." Zilipofika kumi na tano alikuwa anakoroma.

Mama Kimya alisubiri mgonjwa aamshwe, avae viatu na atoke. Akafunga fomu.

"Alitia sahihi kwa mkono wa kulia," alisema. "Na hapa umeniandikia mashoto."

Kipenga aliitikia kwa kichwa tu. Kwa mara ya kwanza walibadilishana kazi.

"Ningekupa pumzi mbili zaidi, kisha ningekusimamisha. Ulijuaje?"

"Aliacha kutania."

Mama Kimya alitazama dirishani kidogo, na mdomo wake ukafanya kitu ambacho wanafunzi waliosimuliwa baadaye walikataa kukiamini. "Fomu imeanguka. Utairudia kwa mikono yako, dukani kwake, kesho. Tiba imesimama, umefaulu." Akasimama. "Ufunguo wa chumba uko kwa mlinzi."

Kesho yake Kipenga alirudi kwa kinyozi na fomu mpya. Kinyozi alimkaribisha kiti, akaenda akakaa cha pili, kisha akanyoosha kidole begani. Alikuwa ameshajibana kibanio chekundu cha nguo kwenye shati, upande wa kulia.

"Nimekurahisishia, Mwalimu."

"Asante," Kipenga akasema. "Sasa geuka, ukipe kisogo hicho kioo."