Mtandao ni Mwiko

Kila asubuhi saa mbili, chai ikiwa bado ya moto tumboni, fundi wa mawasiliano alijifunga kipima mawimbi kifuani na kuizunguka manowari kutoka omo hadi tezi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mtandao usio na kibali ndani ya meli, maana simu moja inayotafuta intaneti katikati ya bahari ni sawa na mtu aliyejificha kichakani halafu akapiga chafya. Mabaharia walimwita dada huyo Sikio. Alipekua makabati na magodoro, na siku moja alitoa simu ndani ya mkate. Akimaliza alipanda kwa kamanda, akapiga saluti na kusema, "Meli safi, Afande."

Kwenye kila korido palibandikwa bango: NDANI YA MELI HII MTANDAO NI MWIKO. Bango hilo liliwachekesha mabaharia, kwa sababu mpishi wao, mzee mwenye mvi kifuani, jina lake la utani lilikuwa Mwiko.

Mwezi wa tatu baharini, siku ya Jumanne, kipima kililia jikoni. Kiooni paliandikwa BABA UPO. Nguvu, kamili. Nenosiri, hakuna. Sikio alitafuta kwenye magunia ya viazi, kwenye friji, ndani ya sufuria zote na nyuma ya jiko. Mwishowe akakielekeza kwa mpishi mwenyewe, kikalia mfululizo.

"Vua shati, Mzee."

Mpishi akavua. Hapakuwa na waya wala kovu. Sikio alikipitisha kipima mgongoni na kwenye mbavu, akaona mtandao unatoka kushoto, vidole viwili chini ya chuchu.

"Umeanza lini?"

"Jumapili. Binti yangu ni mjamzito, mwezi wa nane huu, na yuko peke yake. Nilikuwa nakoroga maharage huku namuwaza, nikasikia joto hapa."

"Unauma?"

"Unawasha kidogo, mwanangu. Hasa watu wakiwa wengi."

Sikio akapima kwa hatua. Mtandao ulifika hatua kumi na moja na kukatika mlangoni. Kanuni zilizungumzia vifaa, na kifua hakikuwa kifaa, kwa hiyo akaandika kwamba jikoni hakuna kifaa. Akapanda, akasema meli safi.

Tangu siku hiyo viazi vilimenywa kwa hiari. Mabaharia waliokuwa wakikimbia zamu ya jikoni kama ugonjwa sasa waliipangia foleni, kila mmoja na kisu mkononi na simu mfukoni, simu ambazo Sikio aliamua kutoziona. Wakasikia sauti za wake zao na watoto wao. Alhamisi Sikio naye alichukua kisu. Alimenya kiazi kimoja kwa dakika ishirini akizungumza na mama yake kuhusu bati lililotoboka, na alipotoka jikoni moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko miezi yote mitatu.

Mpishi mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Binti alipiga kila mchana vyombo vikishaoshwa.

"Baba, upo?"

"Nipo."

Basi, akakata.

Wiki ya pili ilikuja barua kutoka makao makuu. Manowari inasikika kutoka maili themanini, ilisema barua, chanzo kipatikane na kizimwe. Kamanda akamwita Sikio na mtunza stoo.

"Mtandao upo au haupo?"

"Iko miwili, Afande," alisema Sikio. "Mmoja unatoka kwenye kifua cha mpishi. Huo hauvuki mlango wa jiko."

"Na wa pili?"

"Unatoka juu ya chumba chako. Kwenye dishi la intaneti."

Watu wote watatu walitazama juu kupitia dirisha. Dishi lilikuwa jeupe, limefungwa kwa boliti nne, na kamanda hakuwahi kukosa mechi hata moja tangu waondoke bandarini. Shati lake lilikuwa limetundikwa juu yake, likikauka.

"Hicho ni kiango cha nguo," alisema kamanda.

Mtunza stoo alifungua daftari, akapitisha kidole. "Kiango cha nguo, kimoja, cheupe," akasoma. "Kweli, Afande."

Kwenye meli, kitu ni kile kilichoandikwa kwenye daftari la stoo. Hata Sikio alilijua hilo. Alijua pia kwamba kifua hakifiki maili themanini, na kwamba kamanda alikuwa hajatia saini barua ya kumpandisha yeye cheo, na kwamba mama yake alilala chini ya bati lililotoboka. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu: Chanzo. Akaandika, Mpishi. Hakusita, na jambo hilo lilimtia aibu zaidi kuliko lile aliloliandika.

Mtunza stoo akamwingiza mpishi daftarini: kifaa cha mtandao, kimoja, kikuukuu. Kifaa kilichokamatwa huwekwa kwenye chumba cha zamani cha risasi, chini kabisa, ambako kuta ni za chuma cha unene wa kiganja na wimbi halitoki. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mzee Mwiko aliteremka ngazi akiwa bado amevaa aproni.

"Binti ameanza uchungu asubuhi," alimwambia Sikio mlangoni. "Nimemwahidi nitakuwepo."

"Ni amri, Mzee."

"Najua, mwanangu. Nakwambia tu, ili na wewe ujue."

Mlango ukafungwa. Kiooni maneno BABA UPO yakabaki kidogo, yakafifia, yakafutika. Viazi vikarudi kumenywa kwa zamu za adhabu.

Makao makuu wakaandika tena kwamba manowari bado inasikika kutoka maili themanini. Kamanda akajibu kwamba chanzo kimekamatwa na uchunguzi unaendelea.

Walitia nanga bandarini siku ya kumi na moja tangu mpishi afungiwe. Mabaharia walishuka kwa ngazi wakikumbatiwa na jamaa zao. Vifaa vilivyokamatwa havishuki kwa ngazi, hushushwa kwa winchi. Simu thelathini na saba na mpishi mmoja vikatiwa kwenye kontena la chuma, likawekwa gatini likisubiri lori la makao makuu.

Sikio alisimama chini ya ngazi na kipima chake. Mwanamke mmoja akamsogelea, miguu bado imevimba, kichanga kifuani ndani ya blanketi.

"Dada, samahani. Namtafuta baba yangu, mpishi. Yupo?"

Kontena lilikuwa hatua thelathini nyuma yake. Sikio alitaka kusema, yupo, yuko pale. Alifungua mdomo.

"Hapatikani kwa sasa," alisema.

Mwanamke akatikisa kichwa taratibu. "Hata siku ile niliambiwa hivyo hivyo. Nilipiga tangu saa nne mpaka mtoto anatoka. Hapatikani kwa sasa, jaribu tena baadaye." Akalisawazisha blanketi. "Basi nitasubiri hiyo baadaye."

Kipima kikalia. Sikio alikielekeza kwenye lori lililokuwa limefika, kwenye winchi, kisha kwenye blanketi, kikalia mfululizo. Kiooni paliandikwa BABU UPO. Nguvu, kamili. Nenosiri, hakuna. Mtoto alikuwa amelala, kinywa wazi.

Lori likarudi nyuma, likanyanyua kontena na kuondoka nalo. Maandishi yakabaki vilevile kiooni, yakiuliza.

Juu, kamanda alikuwa akianua shati lake kwenye kiango. Aliinama ukingoni.

"Vipi huko, Sikio?"

Sikio akazima kipima, akapiga saluti.

"Meli safi, Afande."