Makala ya Tano ya Daktari Holbeki

Daktari Holbeki alifika Lindi akiwa na makala nne zilizochapishwa kwao Uingereza, zote juu ya watu walioumia ubongo na jinsi akili zao zinavyogeuka. Leonadi alivijua vichwa vyake kwa moyo, kwa kuwa ndiye aliyeipiga chapa orodha ya makala hizo kila daktari alipoomba kazi. Leonadi alikuwa dresa wa hospitali, Mmwera wa Nyangamara aliyesomeshwa na misheni. Akimaliza kufunga vidonda, huketi kwenye taipureta.

Makala ya tano iliandikwa hapo hapo Lindi. Ilimhusu Abdulatifu, mchuuzi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa, kutoka Kinjumbi. Lori alilopanda lilitumbukia shimoni, akarushwa, akaangukia kichwa. Siku tatu hakujitambua. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa mzito na Kiswahili kimemtoka. Daktari alimwonyesha kadi arobaini za picha zilizotoka Ulaya, azitaje moja moja. Mkewe, Siti, aliambiwa angoje barazani, maana daktari hakutaka jamaa wamsaidie mgonjwa. Leonadi akawa mfasiri. Abdulatifu alikuwa akiitazama kadi, anahangaika, jasho linamtoka, kisha anakokota sauti nzito.

"Anasema nini?" daktari aliuliza.

"Anabwabwaja tu, Bwana Daktari. Si maneno."

Ikaandikwa hivyo: mgonjwa amepoteza lugha yote, hakutaja hata picha moja. Makala ilichapishwa mwaka 1951. Daktari alifurahi, akampa Leonadi nakala yake.

Mwaka uliofuata walikwenda Kinjumbi kumpima tena. Walimkuta Abdulatifu uani, juu ya mkeka, anabishana na mama mmoja aliyeteremka milimani na kikapu cha viazi vikuu. Maneno yalimtoka polepole, mengine yamekatika katikati. Lakini mama yule alikuwa akimjibu, naye anajibu, mpaka wote wawili wakaangua kicheko.

Leonadi akamvuta Siti kando.

"Dada, hiyo lugha gani?"

"Kimatumbi. Huyu bwana kalelewa na bibi yake huko milimani mpaka akabaleghe. Tangu aanguke, ndicho kilichobaki. Mimi sikijui, ndiyo maana Romana akija na viazi vyake namshukuru Mungu."

"Mbona hukutuambia kule hospitali?"

"Nani aliniuliza, kaka? Si mlinifungia mlango?"

Daktari alikuwa anafungua mkoba wa kadi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai na maji ya moto; kwake Kimatumbi na kubwabwaja vilikuwa kitu kimoja. Leonadi aliliona hilo. Angenyamaza, kadi zingepita, wangerudi Lindi salama, na makala ya sita ingesema yale yale ya tano.

"Bwana Daktari," alisema, "nilikosea. Hakuwa anabwabwaja. Alikuwa anasema Kimatumbi, nami sikijui."

Daktari alibaki na kadi mkononi. "Una hakika?"

"Mama huyu anakijua. Tujaribu."

Romana akaketi mkekani, viazi ubavuni, awafasirie. Jembe, Abdulatifu akataja. Kuku, akataja. Kisu, akahangaika, akataja. Kwenye picha ya bomba la moshi la juu ya paa alitikisa kichwa, na Romana naye akauliza ni kitu gani hicho. Walipomaliza, alikuwa ametaja kadi thelathini na moja.

Walipofika Mitwero, karibu na Lindi, daktari alimgeukia Leonadi. "Itabidi niandike masahihisho," akasema.

Baada ya wiki mbili Leonadi alipewa karatasi aipige chapa. Alifika kwenye mstari uliosema kosa lilitokana na mfasiri kutoijua lugha ya mgonjwa. Akaichukua karatasi, akaenda kusimama mezani kwa daktari.

"Ni kweli sikuijua, na nilipaswa kusema. Lakini hukuniuliza, na mkewe tulimweka nje. Andika na hilo."

Uso wa daktari ulimwiva. "Unataka niaibike mbele ya wenzangu?"

"Mimi nimeshaaibika, Bwana Daktari."

Kesho yake karatasi ilirudi na mstari ulioongezwa kwa kalamu: wala mtafiti hakuuliza. Masahihisho yalichapishwa, nusu ukurasa, na daktari alipotaka orodha yake ipigwe upya aombe kazi kwao, aliagiza yaingizwe pamoja na makala. Kazi ile hakuipata. Kama ni kwa ajili hiyo, Leonadi hakujua, wala hakuuliza.

Leonadi alipita tena Kinjumbi mwaka 1954, safari ya chanjo. Kiswahili cha Abdulatifu kilikuwa kimerudi maneno machache tu: maji, njoo, alhamdulilahi. Lakini Siti alikuwa amejifunza Kimatumbi kwa Romana, na siku hiyo alikuwa anamgombeza mumewe kwa lugha hiyo kwa kumwaga uji. Abdulatifu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamrekebisha neno moja alilolikosea.