Klipu ya Shasha

Thacienne aliingia dukani kwa Katembo, fundi wa video pale mtaa wa Mpofi, akiwa amefunga kaseti ya video ndani ya kitenge. Kaseti hiyo alitumiwa na shemeji yake Théogène, aliyebaki kwao Masisi. Ndani yake alikuwemo Ngabo, marehemu mume wake, akipiga gitaa. Picha nyingine zote za Ngabo ziliungua pamoja na nyumba, mwaka ule walipokimbia vita.

"Papa Katembo, ile mashini ya zamani ingali iko?"

"Iko, Mama. Siku hizi vijana wanataka klipu za kuweka mu telefone tu. Lakini sikuitupa."

Kaseti ilikuwa imeota ukungu. Katembo akaifungua, akafuta utepe polepole kwa pamba, huku Thacienne akimsimulia. Enzi zile alikuja mtu mwenye kamera begani, akaipanga kwaya yao ufukweni mwa ziwa, kule Shasha, akafungulia redio ya kaseti iliyokuwa na wimbo wao waliokwisha kuurekodi, akawaambia wachezeshe midomo tu. Ngabo alikataa. "Siwezi kumudanganya Mungu," alisema. Akazima redio, akapiga gitaa kweli, akaimba kweli, na kwaya nzima ikamfuata, hadi wavuvi wakasogea kusikiliza.

Picha ikatokea: michirizi, ziwa, kisha Ngabo, kijana, shingo imenyooka. Thacienne alishika meza. Sauti haikuja. Katembo akabadilisha waya, akajaribu tena. Kimya.

"Sauti ilikufa, Mama. Picha tu njo ilibakia."

Thacienne aliisogelea picha. Alimtazama Ngabo akifungua kinywa, na pembeni yake msichana mwembamba mwenye kilemba cheupe, yeye mwenyewe. Akaanza kuimba, kwa sauti ya chini. Akachelewa nyuma ya midomo ya wanakwaya, akawakimbilia, akawafikia.

Katembo alirudisha kaseti mwanzo, akasogeza telefone karibu naye ili inase sauti yake. "Watu wanaimba kwanza, kisha njo wanapigwa picha. Sisi picha tunayo, tuanzie kule mwisho."

Wakairudia hadi alasiri, Thacienne akiimba sehemu yake na ya Ngabo. Jioni klipu ikafika Masisi, na Théogène akapiga simu.

"Shemeji, kwenye ubeti wa pili umekosea maneno."

Thacienne alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Basi kuja uimbe wewe!"

Kesho yake Théogène akaja kweli dukani, juu ya pikipiki, matope hadi magotini. Alipoanza tu sehemu ya kaka yake, Thacienne alitoka nje, akasimama mlangoni akitazama barabara. Kisha akajifuta uso, akarudi ndani, akashika sauti ya juu, ile sehemu yake.